Ardhi Ikitikisika Pwani: Mwongozo Kamili wa Tetemeko Dogo Mahali Lisipozoeleka

Usiku wa Agosti 12, 2020, saa mbili na dakika chache, sehemu kubwa ya Dar es Salaam ilitikisika. Kitovu kilikuwa chini ya Bahari ya Hindi, kusini mashariki mwa jiji, na ukubwa wake ulikuwa karibu 6.0. Mtikisiko ulifika Unguja, Mombasa, hadi Nairobi. Watu wa maghorofani walishuka ngazi wakakaa nje, na simu zote zikajaa swali moja: "Na nyie mmelisikia?"

Mtu wa Bukoba au wa Bukavu anaijua hali hiyo. Mtu wa pwani anaweza kukaa miaka mingi bila kusikia tetemeko hata moja, kwa hiyo likija dogo linamkuta hana la kufanya, anafuata miguu yake tu. Hapo ndipo penye hatari. Katika tetemeko dogo kinachoumiza watu kwa kawaida ni mbio, ngazi, vioo, kabati lililodondoka na tanki la maji lililokalishwa ovyo. Nyumba kuanguka ni nadra. Karibu vyote hivyo vinazuilika, na mwongozo huu unavifuata kwa mpangilio wa saa: sekunde za kwanza, dakika za kwanza, kesho yake, na kazi ya kufanya kabla ya lijalo.

Ni tetemeko kweli?

Dar es Salaam ina sababu zake za kushtuka. Aprili 29, 2009 maghala ya silaha yalilipuka Mbagala, na Februari 16, 2011 yakalipuka ya Gongo la Mboto. Hadi leo madirisha yakitetemeka, wazo la kwanza la wengi ni bomu. Lakini mlipuko huja kwa hewani: kishindo kimoja, vioo vinapiga, kisha kimya. Lori la mchanga huanza kwa mbali, likazidi, likapungua linapopita, na injini unaisikia. Tetemeko linaanzia chini ya nyayo zako, na linashika chumba kizima kwa pamoja: sakafu, kuta, vyombo.

Likiwa la karibu, mara nyingi utasikia hatua mbili. Kwanza mguso mfupi, kama mtu amegonga sakafu kwa chini, au kama kitu kizito kimetua kwenye kitanda. Kisha sekunde chache za utulivu, halafu mtikisiko wa pembeni wenye nguvu zaidi. Ni mawimbi mawili yaliyotoka mahali pamoja kwa wakati mmoja: la kwanza husukuma na kuvuta kama mabehewa ya treni yanayogongana, na linakwenda kasi, la pili hutikisa kama kamba iliyopigwa, na linabaki nyuma. Hesabu sekunde kati yao ("elfu moja na moja, elfu moja na mbili…", kila tamko ni karibu sekunde moja), kisha zidisha kwa 8. Sekunde 10 ni kama kilomita 80. Hiki ni kipimo cha kukadiria tu, lakini kina manufaa mawili: unapata kujua liko karibu au mbali, na akili inayohesabu haikurupuki.

Likiwa la mbali sana huo mguso wa kwanza hausikiki. Unachosikia ni kuyumba taratibu kama uko ndani ya boti, na aghalabu ni wa ghorofa za juu tu wanaolisikia. Wa chini watakuambia umeota. Tetemeko la Ziwa Tanganyika la Desemba 5, 2005, lenye ukubwa wa 6.8, lilisikika hadi Nairobi. Sababu ni kwamba mawimbi yanayotikisa harakaharaka hufifia njiani, yanayobaki ni yale yanayoyumbisha polepole, na jengo refu huyajibu hayo kama mnazi unavyojibu upepo. Udongo nao una neno lake: mchanga laini na tope la bondeni, mfano bonde la Msimbazi, huongeza mtikisiko kuliko mwamba wa matumbawe.

Ukiwa na shaka kama ni ardhi au ni presha yako, tazama kitu kinachoning'inia. Panga boi lililozimwa, taa ya waya, nguo kwenye kamba, maji kwenye ndoo. Vikiwa vimetulia na wewe unayumba, kaa chini uangalie afya yako. Vikiyumba, ni ardhi.

Sekunde thelathini za kwanza

Mtikisiko wa tetemeko dogo hauzidi nusu dakika kwa kawaida, ingawa aliye ndani yake huapa kuwa ulikuwa dakika tatu. Huo si muda wa kushuka ngazi. Fanya hivi:

1. Piga magoti na uweke mikono chini kabla mtikisiko haujakuangusha wenyewe. Aliyesimama ndiye anayepepesuka na kugonga kichwa kwenye kona ya meza.
2. Jifunike kichwa na shingo. Ingia chini ya meza imara ya kulia au dawati la ofisini. Pasipo na meza, kaa kando ya ukuta wa ndani, mbali na dirisha na kabati, uiname ukiwa umefunga mikono nyuma ya shingo.
3. Shikilia mguu wa meza kwa mkono mmoja hadi mtikisiko uishe kabisa. Meza nayo husogea, usiposhikilia itakuacha.

Kusimama mlangoni ni ushauri wa zamani uliotokana na nyumba ambazo fremu ndiyo ilikuwa sehemu imara pekee. Katika nyumba ya tofali za saruji au ghorofa la zege, mlango hauna nguvu kuliko sehemu nyingine, na bawa lake likijipiga linavunja vidole.

Uliyelala, bakia kitandani, lala kifudifudi na uweke mto juu ya kichwa. Anayeruka gizani bila viatu hukanyaga vioo. Kwa mtu wa kiti cha magurudumu: funga breki, inama mbele, funika shingo. Mzee asiyeweza kupiga magoti akae kwenye kiti, ajiinamie, ajikinge kwa mto. Mama mwenye mtoto mchanga amkumbatie kifuani, ainame juu yake.

Uko jikoni? Zima jiko kama mkono wako unalifikia hapo hapo. Kama hulifikii, ondoka kwenye sufuria ya mafuta kwanza. Mafuta ya moto yanayomwagika huunguza kabla moto haujashika.

Kwenye lifti, bonyeza namba za ghorofa zote na utoke pale itakaposimama kwanza. Kwenye gari, washa taa za tahadhari, sogea kando, simama mahali peupe. Usisimame chini ya daraja la juu kama lile la Mfugale pale Tazara, wala chini ya nyaya za umeme au bango la matangazo. Dereva wa bodaboda ashushe miguu na asimame. Kariakoo na Posta ni suala la pekee, kwa kuwa mitaa ni myembamba na juu kuna vioo, vyuma vya viyoyozi na marumaru za kubandika. Uliye ndani bakia ndani. Uliye njiani ingia kwenye mlango wa duka ulio karibu, ukae mbali na vioo vya mbele.

Kuna hali moja inayobadilisha ushauri wa "bakia ndani". Ukiwa kwenye nyumba ya chini iliyojengwa kwa udongo, au kwa tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo bila lenta (mkanda wa zege na nondo juu ya kuta), na mlango uko hatua tatu au nne tu kuelekea uwanja ulio wazi, toka. Nyumba ya aina hiyo ikianguka haiachi nafasi chini ya meza. Ila hakikisha unakokwenda kweli ni wazi. Uchochoro ulio kati ya nyumba na ukuta wa fensi ni mahali pabaya kuliko sebuleni: ukuta wa fensi unasimama peke yake bila paa wala kuta za kuushika, mara nyingi hauna nguzo za kutosha, na una futi saba au nane za tofali za kukuangukia.

Ukiwa ufukweni au baharini

Tetemeko la Agosti 2020 halikuleta tsunami, na ya ukubwa huo huleta mara chache sana. Lakini pwani hii haijasalimika siku zote. Desemba 26, 2004 mawimbi yaliyoanzia Sumatra, Indonesia, yalivuka bahari kwa saa kadhaa na kuua watu wasiopungua 10 Tanzania, wengi wao waliokuwa wakiogelea, mmoja Kenya, na mamia Somalia. Hakuna aliyesikia ardhi ikitikisika huku. Bahari yenyewe ndiyo iliyotoa dalili.

Kwa hiyo kanuni ya ufukweni ina sehemu tatu, na yoyote kati yake inatosha. Ardhi ikitikisika kwa sekunde 20 au zaidi, au kiasi kwamba kusimama ni shida, ondoka. Bahari ikikauka ghafla wakati si wa maji kupwa, ondoka. Ukisikia ngurumo ya ajabu kutoka baharini, ondoka. Akina mama wanaookota pweza na kombe kwenye mwamba wanapaswa kulijua hili kuliko mtu yeyote, kwa sababu bahari inapojivuta huacha samaki wakirukaruka mwambani, na mwenye kikapu hushawishika kwenda mbele. Wanaijua ratiba ya maji kwa mwezi. Maji yakivunja ratiba hiyo, ni wao watakaotambua kwanza, na sauti yao ndiyo king'ora cha kijiji.

Nenda kwa miguu hadi mahali pa mwinuko wa mita 30 au umbali wa kilomita 3 kutoka ufukweni. Kwenye visiwa vilivyo chini, ambako mwinuko huo haupo, panda ghorofa ya tatu au zaidi ya jengo imara la zege. Usirudi baada ya wimbi la kwanza, kwani la pili au la tatu huweza kuwa kubwa zaidi na hufuata baada ya makumi ya dakika. Aliye kwenye boti ya injini mbali na bandari aelekee kwenye kina cha zaidi ya mita 100. Huko wimbi hupita chini yake kama tuta la upole. Aliye karibu na nchi aiache ngalawa akimbie. Tangazo rasmi la tsunami Tanzania hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA), lakini ukiwa umeisikia ardhi kwa nguvu usingoje tangazo.

Dakika kumi baada ya kutulia

Hesabu hadi sitini kabla ya kusimama. Vitu vilivyolegea hudondoka mwishoni. Vaa viatu vyenye soli. Kisha, kwa mpangilio huu:

Watu kwanza. Ita kila aliyemo kwa jina. Majeraha ya kawaida ni visigino vilivyokatwa na vioo, vifundo vilivyoteguka ngazini, na vichwa vilivyogongwa. Aliyegongwa kichwa akatapika au akasinzia, apelekwe hospitali hata kama anasema yuko sawa.

Gesi ya pili. Funga valvu ya mtungi, hata kama hunusi kitu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hujikusanya sakafuni na chini ya kabati la sinki, kwa hiyo fungua milango na si madirisha ya juu peke yake. Ukinusa, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, usipige simu ukiwa humo ndani. Toka, pigia nje. Kabla ya kutumia jiko tena, paka povu la sabuni kwenye rigyuleta na urefu wote wa mpira. Povu likitoa mapovu yanayokua, kuna pa kuvuja. Mara nyingi ni pale mpira unapoingia kwenye rigyuleta, kwa kuwa mtungi ulisogea na mpira ukavutika. Kaza kibano cha chuma, na mpira wenye nyufa ubadilishe.

Umeme: harufu ya plastiki inayoungua, cheche, au maji yanayotiririka karibu na soketi maana yake zima swichi kuu. Kama hakuna dalili hizo, uache. Waya ulioanguka nje, kaa umbali wa mita 10 na uwazuie watoto.

Halafu tanki. Hili husahauliwa na ndilo zito kuliko vyote: lita 1,000 za maji ni tani nzima, na tanki la lita 5,000 juu ya mnara wa tofali ni tani tano zilizokaa kama kichwa kwenye shingo nyembamba. Wakati wa mtikisiko maji huyumba kinyume na mnara na kuuongezea mzigo. Usisogee chini yake. Utazame ukiwa mbali: umeinama? Kuna ufa mlalo karibu na chini ya nguzo? Tanki limesogea kutoka katikati? Ukiona kimojawapo, fungulia bomba la chini lililo mbali nalo, punguza maji hadi nusu au pungufu, na usijaze tena kabla fundi hajauangalia.

Kutoka nje ya jengo ni sawa sasa, kwa utulivu, kwa ngazi na si kwa lifti. Simama mbali na jengo kwa umbali unaolingana na urefu wake. Simu itakataa kwa sababu kila mtu anapiga. Tuma ujumbe mfupi, unapita hata mtandao ukiwa umesongamana. Namba za dharura Tanzania ni 114 kwa Zimamoto na Uokoaji na 112 kwa Polisi. Ziachie wenye moto, majeruhi au jengo lililoanguka, swali la "lilikuwa kubwa kiasi gani?" lina mahali pake.

Kusoma nyufa

Kesho yake asubuhi, mwanga ukiwa mzuri, zunguka nyumba. Hapa ndipo watu wengi hukosea kwa pande zote mbili: wengine wanahama kwa ufa wa plasta, wengine wanapaka rangi juu ya nguzo iliyovunjika.

Kwanza tenganisha ufa mpya na wa zamani. Ufa mpya una kingo kali na ndani yake ni mweupe au wa rangi safi ya saruji. Chini yake sakafuni kuna unga. Ufa wa zamani una vumbi, utando wa buibui, wakati mwingine rangi ya ukuta imeingia ndani yake. Nyumba nyingi za pwani zina nyufa zilizokuwepo miaka yote, ila hakuna aliyezitazama hadi tetemeko lilipokuja. Upo pia ufa wa kutu: unafuata nguzo kwa wima au boriti kwa mlalo, una alama za kahawia, na zege limefura. Huo umeletwa na chumvi, ama ya hewa ya bahari ama ya mchanga wa ufukweni uliochanganywa kwenye zege. Nondo ikipata kutu inavimba na kulipasua zege kutoka ndani. Tetemeko halikuuleta, lakini limekuonyesha nguzo isiyostahili kungojwa.

Kisha pima upana. Vifaa unavyo mfukoni. Karatasi ya kawaida ya A4 ina unene wa karibu milimita 0.1, na kadi ya benki ni milimita 0.76. Karatasi tu ndiyo inayoingia: ni ufa mwembamba kama unywele, wa plasta, hauhitaji chochote zaidi ya kuziba wakati wa kupaka rangi. Kadi moja inaingia: bandua plasta kipande cha upana wa kiganja uone kama tofali nalo limepasuka. Likiwa zima, tatizo limeishia kwenye plasta. Kadi nne zilizoshikanishwa, yaani milimita 3, zikiingia, na ufa umepita kwenye tofali, mwite mhandisi, hasa kama unakwenda kimshazari kutoka kona ya dirisha.

Hali hizi hazihitaji kipimo. Toka na usilale humo: nyufa mbili zilizokatana kama herufi X kwenye ukuta ulio kati ya madirisha. Zege lililomeguka pale nguzo inapokutana na boriti hadi nondo inaonekana. Ukuta ulioachana na nguzo au na paa kiasi cha kupitisha mwanga. Mlango uliofungwa jana bila shida na leo umekwama ndani ya fremu. Gololi ikiwekwa sakafuni na kukimbia upande mmoja ni dalili ya kuangaliwa, ingawa sakafu nyingi hazikuwa sawa tangu siku ya kwanza, kwa hiyo usiihukumu nyumba kwa gololi peke yake.

Ufa wa kati, usiojua kama unaendelea, uwekee shahidi. Koroga plasta ya jasi, paka bandiko la urefu wa sentimita 5 na unene wa milimita 3 kukatiza ufa, andika tarehe juu yake. Weka moja karibu na kila ncha na moja katikati. Piga mistari midogo ya penseli pale ufa unapoishia, nayo uiandikie tarehe. Kagua kila wiki kwa wiki nne na upige picha kutoka mahali palepale, sarafu ikiwa kando ya ufa kwa kulinganisha. Bandiko likikatika, ukuta unatembea. Usiweke bandiko juu ya rangi ya mafuta, litabanduka lenyewe likudanganye. Na kama nyumba iko kwenye mfinyanzi, kumbuka kwamba udongo huo huvimba masika na kusinyaa kiangazi. Ufa unaofunguka na kujifunga kwa majira unatokana na msingi wa nyumba, si tetemeko.

Unayemhitaji ni mhandisi wa majengo, na pa kuanzia ni ofisi ya mhandisi wa halmashauri kupitia serikali ya mtaa wako. Fundi atakuzibia ufa vizuri sana. Kujua kama nguzo bado inabeba ni kazi nyingine. Machi 29, 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka bila tetemeko lolote, kwa hiyo jengo lenye mashaka likitikiswa hata kidogo linastahili macho ya mwenye ujuzi.

Andika ulichokisikia

Mahali ambapo matetemeko ni nadra, vituo vya kupimia navyo ni vichache na viko mbalimbali. Maelezo ya watu waliolisikia huziba pengo hilo: kutoka mitaa mia moja yanachora ramani ya wapi udongo ulitikisika zaidi, na hiyo ndiyo ramani anayoihitaji anayepanga hospitali au shule ya baadaye. Ndiyo maana tunaomba uandike hata kama lilikuwa dogo, na hata kama jirani yako hakulisikia. "Sikusikia kitu" nayo ni taarifa.

Andika ndani ya saa moja, kabla hujasoma ya wengine, kwa sababu kumbukumbu huchanganyika na stori za mtaani. Saa kamili kutoka kwenye simu, si saa ya ukutani. Mtaa na kata. Ghorofa ya ngapi, na jengo la aina gani. Ulikuwa umelala, umekaa, umesimama au unatembea. Mtikisiko wa ghafla au wa kuyumba, na ulichukua sekunde ngapi kwa makadirio yako. Nini kilisogea, kililia, kilidondoka. Mlio, kama ulikuwepo. Kisha jaza fomu ya walioguswa na tetemeko kwenye tovuti ya Shirika la Jiolojia la Marekani (USGS), au kwenye programu ya LastQuake, ambayo imejengwa kwa picha nyingi na maneno machache. Taasisi ya kitaifa inayofuatilia matetemeko Tanzania ni Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini (GST), yenye makao Dodoma.

Zile namba

Ukubwa wa tetemeko ni namba moja kwa tetemeko zima, inayoeleza lilichotoa pale lilipoanzia. Namba ikipanda kwa 1, mtikisiko unaoandikwa na mtambo unaongezeka mara 10 na nishati karibu mara 32. Nguvu ya mtikisiko ni kitu kingine: inaeleza ulichopata wewe ulipo, na hubadilika mtaa kwa mtaa. Hupimwa kwa kigezo cha Mercalli chenye daraja 12, huandikwa kwa namba za Kirumi. Daraja la III, wachache wa ndani wanalisikia na taa zinayumba. La IV, vyombo vinalia na madirisha yanatetemeka. La V, karibu wote wanalisikia, waliolala wanaamka, vitu vidogo vinadondoka. La VI, fanicha nzito inasogea na plasta inabanduka hapa na pale.

Linganisha mawili haya. Septemba 10, 2016, Jumamosi alasiri, Kagera ilipigwa na tetemeko la 5.9, na watu zaidi ya 15 walikufa, mamia ya nyumba yakaanguka, shule ya Ihungo ikaharibika vibaya. Dar es Salaam ya 2020 ilipata la ukubwa karibu uleule na ikaamka nzima. Kule kitovu kilikuwa nchi kavu, karibu na makazi, na nyumba nyingi zilikuwa za tofali zilizoshikwa kwa udongo. Huku kitovu kilikuwa mbali baharini. Usifarijike kwa namba, uliza umbali na aina ya nyumba.

Namba ya kwanza kutangazwa hubadilika ndani ya saa chache kadiri vituo vingi vinavyoleta data. Ukiona 5.8, kisha 6.0, kisha 5.9, hakuna anayekuficha kitu.

Mitetemo inayofuata, na jumbe za usiku

Tetemeko huacha wadogo zake. Wengi huja siku ya kwanza, wanapungua haraka kadiri siku zinavyokwenda, na mkubwa wao kwa kawaida huwa chini ya lenyewe kwa karibu namba 1.2: baada ya la 6.0, tarajia hadi la 4.8 hivi, ambalo kwa mtu wa mbali huenda lisisikike kabisa. Mara moja moja, karibu moja kati ya ishirini, linalofuata huwa kubwa kuliko la kwanza. Hiyo ndiyo sababu ya kuacha viatu na tochi kando ya kitanda kwa wiki moja, na si sababu ya kulala uwanjani kama nyumba haina dalili zilizotajwa juu.

Penye volkano mambo huenda kwa njia nyingine, kwa mfululizo wa matetemeko yanayolingana. Julai 2007 eneo la Gelai, karibu na Ziwa Natron, lilitikisika kwa wiki kadhaa. Lile la Julai 17 lilikuwa 5.9 na liliwatoa watu maofisini Nairobi, na Septemba mlima wa volkano wa Oldoinyo Lengai ukalipuka.

Usiku huohuo utapokea ujumbe wa sauti: "Wataalamu wamesema kubwa linakuja saa saba usiku, tokeni ndani." Hakuna mtaalamu popote duniani anayeweza kutaja saa, siku wala ukubwa wa tetemeko lijalo. Ujumbe wenye saa ni uongo kwa sababu hiyo tu, na kuusambaza kunatoa wagonjwa na wazee nje usiku bure. Ufute, na umjibu aliyekutumia kwa upole, maana naye ameogopa.

Kuhisi sakafu ikitikisika siku mbili tatu baadaye, hasa ukiwa umelala, ni kawaida ya mwili. Ndoo ya maji iliyo kando ya kitanda itakuambia ukweli.

Kazi ya Jumamosi moja

Kabati la vyombo, la nguo na rafu ya vitabu: vyuma viwili vya pembe, juu, kulia na kushoto, kwenye fremu ya mbao na si kwenye ubao mwembamba wa nyuma. Ukutani tumia fisha za milimita 8 na skrubu inayozama sentimita 5 kwenye tofali lenyewe. Ikishika plasta tu itatoka mzimamzima. Vizito shusha chini, vioo vya urembo viondoe juu ya kitanda. Televisheni ifungwe ukutani au kwa mkanda nyuma. Mtungi wa gesi usimame umefungwa mnyororo kwenye ndoano ya ukutani, kwa theluthi mbili ya urefu wake. Kwa panga boi, mtu mmoja apande ngazi kukagua ndoano ya dari: likiyumba likiwa linazunguka siku ya kawaida, halitangoja tetemeko.

Anayejenga sasa ndiye mwenye nafasi kubwa kuliko wote. Lenta izunguke nyumba nzima bila kukatika, si vipande vya juu ya milango na madirisha tu. Nondo nne za milimita 12, ringi za milimita 8 kila sentimita 20. Kosa linalorudiwa ni kwenye kona, ambapo fundi hukata nondo na kuzikutanisha zikitazamana. Kona ndipo kuta mbili huvutana na kuachana. Nondo ikunjwe, ipite kona, ilale na mwenzake kwa sentimita 60, na zifungwe kwa waya. Fika kwenye eneo la ujenzi siku ya kufunga nondo, asubuhi, kabla zege halijamwagwa, na upige picha kila kona. Ukichelewa hadi jioni, hutaona kilichomo ndani.